Badru Kakungulu na watoto wa Kibuli



Likizo iliyopita baadhi yetu tulijitolea kufundisha hisabati na Kiingereza kwa watoto wa darasa la sita na la saba katika ukumbi wa msikiti mmoja pale Kisenyi, Kampala. Watoto walizidi arobaini, wengi wao wa wachuuzi na waendesha bodaboda, na ubao ulikuwa mmoja. Siku ya tatu mvulana mmoja akaniuliza kama Kakungulu aliyejenga mji wa Mbale ndiye huyo huyo Kakungulu wa Kibuli. Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua kwamba sijui. Nimeswali Ijumaa Kibuli mara nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kujiuliza kile kilima kilikuwa cha nani. Nikamwahidi kurudi na jibu, nikaenda kusoma.

Ni watu wawili. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mkristo ambaye baadaye alianzisha jumuiya ya Kiyahudi karibu na Mbale, akafa mwaka 1928. Wa kwetu ni Mwanamfalme Badru Kakungulu Wasajja, aliyezaliwa mwaka 1907. Baba yake alikuwa Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu wa Buganda baada ya vita vya dini. Mwaka 1893 Waingereza walimpeleka Mbogo uhamishoni Zanzibar, na hakuruhusiwa kurudi mpaka 1895. Mkataba wa Buganda ulipotiwa saini mwaka 1900, kati ya masaza 20 Waislamu walipewa moja tu, Butambala. Mbogo naye, pamoja na wafuasi wake, alipewa maili za mraba 24 za ardhi. Sehemu kubwa ya mengine ilikwenda kwa Waprotestanti na Wakatoliki, na kwa serikali yenyewe.

Mbogo alifariki mwaka 1921. Badru alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Akarithi ardhi, heshima, na umma uliokuwa umeshindwa vitani na sasa ulikuwa unashindwa darasani.

Hilo la darasani linahitaji maelezo, kwa sababu sisi tunaosoma chuo kikuu leo tunadhani shule zilikuwepo siku zote. Wakati ule elimu ilikuwa mikononi mwa misheni. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku, lakini ruzuku ilipitia kwa mwenye shule, na mwenye shule alikuwa kanisa. Mtoto wa Kiislamu alikuwa na madrasa ya Kurani, ambako alijifunza kusoma kitabu cha Mola wake, na hilo si dogo. Ila hakutoka na cheti cha kumwezesha kuwa karani, mganga wala mwalimu. Ndiyo maana Waislamu wa Uganda walijulikana kwa udereva, bucha na biashara ndogondogo. Watu walisema ndiyo tabia yetu. Haikuwa tabia, ulikuwa mlango uliofungwa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwenye bucha. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya misheni jirani na kwao, akakaa muhula mmoja. Mwalimu alimpa jina jingine kwenye daftari la mahudhurio, na jina hilo likaanza kumfuata hadi nyumbani. Baba yake aliposikia watoto wenzake wakimwita hivyo uani, alimtoa siku hiyo hiyo. Babu alituhadithia kisa hiki akicheka, lakini barua zote za nyumba ile alisomewa na wajukuu.

Badru alipita njia tofauti. Alisomea King's College Budo, shule ya Waanglikana ambako wana wa machifu walikuwa wakiandaliwa kutawala. Alitoka na elimu yake, na akatoka Badru. Nadhani (haya ni maoni yangu mwenyewe) kwamba hapo ndipo alipoona ukweli ambao wengine hawakuuona. Yeye aliweza kusoma kwa Wakristo bila kupoteza dini kwa sababu alikuwa mwana wa Mbogo. Hakuna mwalimu ambaye angethubutu kulifuta jina lake daftarini. Mtoto wa mwenye bucha hakuwa na ngao hiyo. Kwa huyo ilibidi mtu ajenge shule ambayo haidai jina la mtoto kama karo.

Baadaye Badru na wenzake waliunda Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, ambacho wazee wetu hadi leo wanakiita UMEA. Mmoja wa nguzo zake alikuwa mwalimu Ramadhan Gava. Kazi ya chama haikuwa hotuba. Serikali ilitaka chombo cha kupokea ruzuku, kuajiri walimu na kujibu maswali ya wakaguzi, na Waislamu hawakuwa na chombo kama hicho. Sasa wakawa nacho.

Halafu likaja suala la mahali. Hapo ndipo Badru alipotoa alichokuwa nacho. Kilima cha Kibuli, nyumbani kwa baba yake, kikawa cha umma. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa na Aly Khan mwaka 1941, ukamalizika mwaka 1951. Lakini tazama kilichouzunguka msikiti ule: shule ya msingi, shule ya sekondari, chuo cha ualimu. Mwaka 1954 ikafunguliwa Nabisunsa, shule ya wasichana wa Kiislamu, nayo kwenye ardhi aliyoitoa yeye. Dada zangu mnaosoma hapa, wengi wenu mna mama au shangazi aliyepita pale. Wakati ule kumpeleka binti bwenini kulihitaji baba mwenye moyo mgumu wa kuvumilia maneno ya majirani.

Fedha hazikutoka mfukoni mwake peke yake. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945 chini ya Aga Khan, ilikuwa na utaratibu wa kuongeza shilingi juu ya kila shilingi ambayo Waislamu wenyewe walichanga kwa ajili ya shule na misikiti. Utaratibu huo naupenda. Ulimlazimu mwanakijiji achange kwanza, ndipo msaada uje.

Msifikiri wote walifurahi. Waislamu wa Buganda walikuwa wamegawanyika tangu miaka ya 1920 kwa mzozo wa Juma na Zukuli, yaani kama baada ya swala ya Ijumaa mtu aswali na Adhuhuri au la. Vijiji vilipasuka kwa jambo hilo, na kila upande ulitaka msikiti wake na shule yake. Wako pia wazazi walioona kwamba shule ni shule tu, na ikiwa inafundisha Kiingereza basi mwisho wake ni kanisani. Wasiwasi wao haukuwa upuuzi. Waislamu wenye ualimu walikuwa wachache mno, hivyo masomo mengi yalibidi yafundishwe na Wakristo walioajiriwa. Chuo cha ualimu pale kilimani kilikuwa jibu la wasiwasi huo, na ni jibu lililochukua miaka mingi kuzaa matunda.

Siasa za baada ya uhuru sitazieleza kwa urefu. Mwaka 1965 kiliundwa chama kingine cha Waislamu, NAAM, kilichoegemea serikali ya Obote na kushindana na Kibuli. Mwaka 1966 Kabaka Mutesa wa Pili akaenda uhamishoni. Mwaka 1972 Amin akaunda Baraza Kuu la Waislamu ili kuwaweka wote chini ya paa moja. Viongozi walipanda na kushuka, na shule zikaendelea kupiga kengele asubuhi. Badru aliishi mpaka mwaka 1991. Allah amrehemu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kisenyi na jibu langu. Nilipanda daladala nikiwa na jambo jingine kichwani: muhula wetu unafunguliwa baada ya wiki mbili, ukumbi ule umekodishwa kwa harusi kila mwisho wa wiki mpaka Shaabani, na sisi hatuna hata ubao ulio wetu. Kamati imeomba chumba nyuma ya msikiti. Bado hatujajibiwa.

Yule mvulana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kujua kama pale Nabisunsa wanachukua wasichana waliofeli Kiingereza, kwa sababu dada yake yuko darasa la saba. Nikamwambia amlete. Alikuwa amekaa nje kwenye ngazi muda wote huo, akishika viatu vya mdogo wao. Tukampa nafasi kwenye mkeka, tukaendelea na hesabu za sehemu.