Daktari Aliyewachosha Wanasiasa

Kila mara kipindupindu kinapozuka katika mitaa yetu ya mabanda, mheshimiwa hufika na msafara wa magari, akagawa dawa ya kutibu maji, akapigwa picha, kisha akaenda zake. Mtaro hubaki vile vile ulivyokuwa. Wakubwa wa dunia nao si afadhali: mwaka wa 2021 mataifa tajiri yalirundika chanjo za korona ilhali wauguzi wengi wa Afrika wangali wakingoja zamu yao. Mwanafunzi akimwuliza mwalimu wake iwapo yupo aliyewahi kuwakabili watawala kwa jambo kama hili, na asimuliwe habari za Rudolf Virchow.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, Pomerania, ambao siku hizi umo nchini Poland. Alihitimu udaktari mjini Berlin mwaka wa 1843. Mapema mwaka wa 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu, ambako njaa na homa ya taifasi zilikuwa zikiwafyeka wakulima kwa maelfu. Bila shaka waliomtuma walitarajia karatasi chache kuhusu dawa na hewa chafu.

Alikaa huko takriban majuma matatu. Aliwakuta watu wasemao Kipolandi wakiishi kwa kubanana vibandani, viazi vyao vimeharibika, na maafisa wakiwatawala kwa Kijerumani wasichokielewa. Ripoti yake ilikuwa shubiri kwa watawala. Alidai demokrasia kamili, elimu kwa lugha ya wenyeji (walimu wa Kiswahili watamwelewa vyema hapo), barabara, kilimo bora, na kodi iwalemee matajiri badala ya maskini. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba taifasi huenezwa na chawa. Hata hivyo hakukosea, kwa maana chawa hustawi pale ambapo mtu ana vazi moja tu na hulala amebanana na wenzake.

Siku chache baada ya kurejea Berlin, mapinduzi ya Machi yalizuka naye akajiunga na waasi vizuizini. Mwaka uliofuata alipokonywa wadhifa wake hospitalini, akaenda kufundisha Würzburg hadi alipoitwa tena Berlin mwaka wa 1856. Kitabu chake cha mwaka wa 1858 kuhusu seli na maradhi ndicho kilichompa jina duniani.

Lakini sifa za kitaaluma hazikumtosha. Mwaka wa 1859 aliingia katika baraza la jiji, na baadaye bunge la Prussia, alikopinga matumizi ya kijeshi ya Bismarck. Mwaka wa 1865 Bismarck alighadhibika hata akamtaka wapigane ana kwa ana kwa silaha; Virchow akakataa. (Kile kisa cha soseji yenye minyoo kinachosimuliwa kuhusu siku hiyo ni porojo tupu, ingawa kweli alipigania nyama ya nguruwe ikaguliwe kwa hadubini.)

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ile isiyopigiwa makofi. Maji machafu ya Berlin yalikuwa yakipita katika mifereji wazi kando ya barabara. Yeye pamoja na mhandisi James Hobrecht walilishawishi jiji lichimbe mabomba ya chini kwa chini, na ujenzi ukaanza mwaka wa 1873. Uchafu ulisukumwa kwa pampu hadi mashamba ya nje ya jiji.

Hakuwa malaika. Alikaidi kwa muda mrefu hoja za Semmelweis kuhusu kunawa mikono, na alikusanya mafuvu ya watu kutoka pembe zote za dunia bila kujali huzuni ya wenyewe.

Januari 1902 aliteguka akishuka kwenye tramu, akavunjika mfupa wa paja. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, akiwa bado diwani wa Berlin, mwaka wake wa 43 katika baraza lile.