Khabbab bin Al-Arat: Mhunzi wa Makka aliyeogopa dirhamu kuliko moto

Leo tumekusudia kumkumbuka Sahaba mmoja ambaye jina lake husikika mara chache katika khutba zetu, na linaposikika hutajwa kwa haraka nyuma ya majina ya Bilal na Ammar. Huyo ni Khabbab bin Al-Arat (R.A.), na kazi yake ilikuwa uhunzi.

Tumemchagua mhunzi kwa sababu wasomaji wetu wengi wanamjua mhunzi kwa macho yao. Pale Gwata, iwe upande wa Kibaha au upande wa Kisarawe, mkulima hawezi kuzikabili mvua za masika bila ya jembe na panga lililotiwa makali, na mfugaji naye ana haja zake za chuma. Fundi anayefua zana hizo, mara nyingi kutokana na springi za magari yaliyokufa, hukaa kibandani mbele ya moto wa makaa, mivukuto ubavuni, fuawe mbele yake na koleo mkononi. Watu humpenda kwa kuwa humhitaji. Lakini siku akipeleka posa katika nyumba ya wenye nafasi, ndipo masizi ya vidole vyake yanapoanza kuonekana.

Wapo hata wanaoitegemea dini katika dharau hiyo. Huitaja ile Hadithi mashuhuri ambamo Bwana Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na mwenye miski, na rafiki mbaya na mwenye kuvuvia mivukuto, wakadhani kwamba mhunzi amelaumiwa. Sivyo. Mfano ule unazungumzia cheche na moshi unaompata aliyeketi karibu, wala haukugusa daraja ya fundi mbele ya Mola wake. Tukumbuke kwamba Mtume mwenyewe alimweka mwanawe Ibrahim alelewe na kunyonyeshwa Madina katika nyumba ya mhunzi, Abu Sayf. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia jinsi nyumba ile ilivyokuwa ikijaa moshi, hata siku moja akatangulia mbio kumwambia Abu Sayf aache kuvuvia, kwani Mjumbe wa Mwenyezi Mungu alikuwa anakuja. Na kabla ya hapo Nabii Daud (A.S.), mfalme na Mtume, alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, kama tunavyosoma katika Suratu Saba, na Hadithi zikamsifu kwa kula jasho la mikono yake.

Basi turudi kwa Khabbab. Asili yake ni katika kabila la Bani Tamim, Waarabu huru wa Najd. Wapokezi wa Sira wanasimulia kuwa alitekwa katika mojawapo ya mashambulizi ya makabila ya zama zile, akaletwa Makka na kuuzwa. Aliyemnunua ni mwanamke aliyeitwa Ummu Anmar, wa kabila la Khuzaa, naye akamtia katika kazi ya kufua panga za vita. Kijana akaimudu kazi. Makka haikuwa mji mkubwa, na fundi wa upanga ulionyooka na wenye makali ya kudumu hakukawia kujulikana. Wakuu wa Kureshi walimwendea kibandani mwake, wakamwagiza, wakachukua. Mapato yalikuwa ya bibi yake.

Ulipodhihiri ujumbe wa Muhammad (S.A.W.), Khabbab alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuukubali, wapo waliomhesabu kuwa wa sita. Hatuna budi kulipima jambo hili vizuri. Abubakar alikuwa na ukoo na mali, na Uthman vilevile. Mtumwa asiye na jamaa Makka hakuwa na mtu wa kusimama mlangoni mwake. Naye hakuificha imani yake.

Adhabu aliyoipata ilitoka katika kazi yake mwenyewe. Moto aliokuwa akichomea chuma ndio uliotumiwa kumchoma yeye. Wasomaji wetu wa Kibaha na Kisarawe, ambako kuchoma na kuuza mkaa ni riziki ya watu wengi, wanajua joto la kaa moja likiangukia mguu. Khabbab alilazwa chali juu ya makaa, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuna kilichouzima moto ule isipokuwa mafuta ya mgongo wake. Inapokewa pia kwamba Ummu Anmar alikuwa akichukua chuma kilichoiva motoni na kukiweka kichwani mwake. Kisha, wanasema wapokezi hao, mwanamke yule alipatwa na maradhi makali ya kichwa, akaambiwa kuwa hana dawa ila kuchomwa kichwani kwa chuma cha moto, na Khabbab ndiye aliyekuwa akikishika chuma hicho.

Siku moja subira ilimbana. Akamwendea Bwana Mtume (S.A.W.), aliyekuwa amejiegemeza kwenye nguo yake katika kivuli cha Al-Kaaba, akamuuliza kwa nini hawaombei nusura. Mtume aliketi, uso wake ukawa mwekundu, akamweleza habari za waumini wa umma zilizopita: yupo aliyechimbiwa shimo akatiwa humo, ukaletwa msumeno akapasuliwa vipande viwili kuanzia kichwani, na yupo aliyechanwa nyama yake kwa vitana vya chuma hadi kwenye mifupa, na hayo hayakuwatoa katika dini yao. Kisha akamhakikishia kuwa jambo hili litatimia, mpaka msafiri atoke Sanaa hadi Hadhramaut bila ya kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu, au mbwamwitu kwa kondoo wake. Ila wao walikuwa na haraka. Tuangalie kwamba msumeno na vitana vya chuma vilitajwa mbele ya mtu aliyekijua chuma kuliko wengi waliokuwapo Makka. Khabbab aliyahifadhi maneno hayo, na ni yeye aliyetupokelea. Hakuyaficha malalamiko yake ili aonekane shujaa.

Kisa kingine anachokisimulia mwenyewe kinahusu ujira. Alimfanyia kazi Aas bin Wail, mmoja wa matajiri wa Kureshi na baba wa Amru bin Aas, na deni likabaki. Alipokwenda kulidai, Aas akamwambia kuwa hamlipi mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akamjibu kwamba hatamkanusha hata Aas afe na kufufuliwa. Tajiri akalifanya neno hilo kuwa mzaha: ikiwa kweli atafufuliwa, basi huko nako atapewa mali na watoto, na Khabbab amfuate huko akalipwe. Hapo ndipo zilipoteremka aya za Suratu Maryam, kuanzia aya ya 77 mpaka ya 80, zinazomhoji mtu huyo kama ameijua ghaibu au amechukua ahadi kwa Mwingi wa Rehema, na kumtahadharisha kuwa atakuja peke yake.

Hapa tunapenda kusimama kidogo. Deni la mhunzi, la panga au zana fulani ambayo leo hakuna aijuaye, limetajwa habari yake katika Kitabu kisomwacho mpaka Kiyama. Wangapi kati yetu tunampa fundi kazi, tukaichukua ikiwa imekamilika, kisha tukamwambia apite kesho, na kesho apite Jumamosi? Tunamwona Aas kuwa kafiri wa zamani, lakini tabia yake ya kumzungusha mwenye jasho tunayo majumbani mwetu. Imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kumwajiri mtu, akaipata kazi yote kisha asimpe ujira wake, ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Mtumwa huyu wa kibandani alikuwa pia mwalimu. Kwa mapokezi ya Ibn Is-haq, ni yeye aliyekuwa akienda kwa siri nyumbani kwa Fatma binti Khattab na mumewe Said bin Zayd kuwasomesha Qur'ani. Alikuwa humo, na mkononi upo ukurasa wenye Suratu Taha, siku Umar bin Khattab alipokuja kwa ghadhabu. Khabbab alijificha. Baada ya Umar kumpiga dada yake, kuona damu yake, kujuta na kuusoma ukurasa ule, moyo wake ulilainika, na hapo Khabbab akajitokeza kumpa bishara kwamba dua ya Mtume huenda imemwangukia yeye. Kisha akamwelekeza alipo Bwana Mtume. Hivyo Khalifa wa pili wa Uislamu alielekezwa njia na mhunzi.

Khabbab alihama kwenda Madina, akawamo katika vita vya Badr mwaka wa 2 Hijria (624) na vita vingine pamoja na Mtume. Habari za vita hivyo zimeandikwa sana, nasi hatutazirefusha. Tunapenda zaidi habari aliyoisimulia binti yake, kwamba baba yao alipotoka katika msafara wa jeshi, Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akija mwenyewe kumkamua mbuzi wao, na bakuli kubwa likijaa. Khabbab aliporudi na kumkamua yeye, maziwa yakarudi kiasi chake cha zamani. Na walipomuuliza watu walijuaje kuwa Mtume anasoma katika sala ya Adhuhuri na Alasiri hali hasikiki, aliwajibu kuwa walijua kwa kutikisika kwa ndevu zake. Hilo ni jicho la fundi.

Zama za Umar zilipofika, Khabbab aliingia barazani kwa Khalifa, naye Umar akamsogeza karibu na kusema kuwa hakuna mwenye haki zaidi ya kukaa pale kuliko yeye, isipokuwa Ammar. Khabbab akafunua mgongo wake na kuonyesha makovu.

Lakini mtihani uliomliza Khabbab haukuwa ule wa makaa. Nchi zilifunguka, hazina ikajaa, na Masahaba wa mwanzo wakapangiwa mafungu yao. Khabbab alihamia Kufa, nchini Iraki. Yeye aliyekuwa hamiliki hata dirhamu moja zama za Mtume, sasa katika pembe ya sanduku lake zilikuwamo dirhamu 40,000. Hakuzikalia: inapokewa kuwa aliapa hakuwahi kuzifunga kwa kamba wala kumzuia mwombaji. Hata hivyo zilimtisha. Alipougua, watu walikuja kumtazama wakamliwaza kuwa kesho atakutana na ndugu zake. Akalia, akawafahamisha kwamba hakulia kwa kuogopa mauti, bali wamemkumbusha watu waliokwenda na ujira wao kamili, naye anaogopa kuwa haya aliyoyapata baada yao ndiyo malipo ya zile amali.

Akawakumbusha habari ya Mus'ab bin Umair (R.A.), kijana aliyelelewa kwa manukato na mavazi ya fahari Makka, akauawa Uhud mwaka wa 3 Hijria (625). Hakuacha ila shuka moja: wakimfunika kichwa miguu hutoka, wakimfunika miguu kichwa hutoka. Mtume akaamuru kichwa kifunikwe na miguu iwekewe majani ya idhkhir. Khabbab alisema wapo miongoni mwao waliokufa bila ya kula chochote katika ujira wao, na Mus'ab ni mmoja wao. Na wapo ambao matunda yao yameiva, nao wanayachuma. Yeye alijihesabu katika kundi la pili. Alipoletewa sanda yake, aliitazama ilivyo nzuri akalia tena, akimtaja Hamza (R.A.), ami yake Mtume, ambaye naye sanda yake haikumtosha.

Maradhi yake yalikuwa ya tumbo, akachomwa moto mara saba kwa ajili ya tiba, kama ilivyokuwa desturi ya matabibu wa wakati ule. Moto ulimfuata mpaka uzeeni. Alisema kwamba lau Mtume asingewakataza kuomba mauti, angeyaomba. Qays bin Abi Hazim, aliyekwenda kumzuru, anasimulia kuwa mara nyingine walimkuta akijenga ukuta wake, naye akawaambia kuwa Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa, isipokuwa kile anachokitia katika udongo huu.

Alifariki mwaka wa 37 Hijria (657), na wengi wametaja kuwa alikuwa na umri wa miaka 73. Ali bin Abi Talib (R.A.), akiwa anarudi kutoka Siffin, aliona makaburi nje ya mji wa Kufa ambayo hayakuwapo alipoondoka. Akauliza, akaambiwa kuwa Khabbab amefariki na aliusia azikwe uwandani. Ali akasimama akamwombea rehema, akashuhudia kwamba alisilimu kwa kupenda, akahama kwa utii, akaishi katika jihadi na kujaribiwa katika mwili wake. Watu wa Kufa hapo kabla walikuwa wakizika maiti wao katika nyua na milangoni mwa nyumba zao. Baada ya kumzika mhunzi yule wakaanza kuwapeleka wafu wao huko uwandani, kando yake.