John Kirk

John Kirk (19 Desemba 1832 – 15 Januari 1922) alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyekuwa pia konsuli wa Uingereza huko Zanzibar. Katika historia ya tiba anajulikana kwa sumu ya mishale iitwayo kombe.

Safari
Alizaliwa Barry, Uskoti, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi. Mnamo Septemba 1859 walifika Ziwa Nyasa, na mwaka 1861 walifuata ufuko wake wa magharibi. Ufuko wa mashariki, ambao sehemu yake leo ni Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mkoani Ruvuma, hawakuupita. Mwaka 1862 walitafuta njia ya kulifikia ziwa kwa kupanda mto Ruvuma, lakini miamba na maji makali viliwarudisha.

Sumu ya kombe
Wawindaji wa bonde la mto Shire, kusini mwa ziwa, walipaka mishale yao sumu ya mbegu za mmea ambao kwa jina la kisayansi huitwa Strophanthus kombe. Kirk alikusanya sampuli zake. Aliwahi kutumia mswaki ulioguswa na sumu hiyo, akaonja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua.

Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo na kuonyesha kwamba hushika moyo wenyewe bila kupitia ubongo: moyo wa chura ulisimama, lakini chura aliendelea kupumua kwa dakika kadhaa. Moyo hujipigia mdundo wake, ila mdundo wa kupumua hutoka katika shina la ubongo, ambamo serotonini ni mojawapo ya kemikali zinazouchochea. Kutokana na kombe ilipatikana strofantini, dawa ya moyo ambayo kiasi kidogo husaidia na kikizidi huua.

Zanzibar
Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza lililopitia kwa Kirk, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Wengi wa watumwa hao walitoka nchi za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa.

Kirk alifariki Sevenoaks, Uingereza. Kima punju wa Unguja ana jina lake la kisayansi kwa heshima yake.