Galileo Galilei, Mchoraji wa Mwezi

Watoto, ninyi nyote mmekwisha kuchora mwezi. Mwalimu akiwaagiza mchore usiku, karibu wote mnafanya namna moja: mnazungusha duara, mnatia macho na kinywa ndani yake, kisha mnatawanya nyota zenye pembe tano kandokando. Nimesahihisha michoro ya namna hiyo miaka mingi, wala siwacheki wenyewe, kwa maana hata watu wa elimu kubwa huko Ulaya waliuwaza mwezi vibaya kwa muda wa karne nyingi. Mwaka 1609 mtu mmoja wa Italia aliutazama vizuri, akauchora jinsi alivyouona. Jina lake Galileo Galilei. Wengi wanamjua kuwa bingwa wa hesabu na wa nyota. Lakini si wengi wanaojua kwamba alishika burashi pia, na kwamba ufundi huo wa burashi ndio uliomsaidia kuelewa alichokiona.

Galileo alizaliwa mjini Pisa, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa fundi wa muziki, akipiga chombo cha nyuzi kinachoitwa luti. Nyumba yao haikuwa na mali nyingi. Mtoto alipelekwa kusoma kwa wamonaki wa Vallombrosa, katika msitu juu ya milima. Akapenda maisha yao hata akataka kubaki kwao na kuwa mmonaki. Baba yake alikataa, akamwondoa, kwa kuwa alitaka mwanawe awe mganga, apate mshahara mzuri. Basi mwaka 1581 Galileo aliingia chuo kikuu cha Pisa kujifunza uganga.

Masomo hayo hayakumwingia moyoni. Siku hizo alikuwako mwalimu mmoja wa hesabu, Ostilio Ricci, naye Galileo akaanza kumsikiliza kwa hamu. Huyu Ricci alifundisha pia wachoraji wa mji wa Firenze. Aliwaonyesha kwa hesabu jinsi kitu kilicho mbali kinavyoonekana kidogo, na jinsi kivuli kinavyoanguka wakati mwanga unapotoka ubavuni. Katika wanafunzi wake alikuwamo kijana Lodovico Cardi, aliyeitwa Cigoli kwa jina la kwao. Galileo na Cigoli walifanya urafiki, na urafiki huo haukukatika mpaka kufa. Mwanafunzi mmoja aliyeandika maisha ya Galileo anasimulia kwamba, kama angaliachiwa kuchagua kazi mwenyewe, angalikuwa mchoraji.

Hakuwa mchoraji, wala hakuwa mganga. Mwaka 1585 aliacha chuo bila kupata hati. Hata hivyo akili yake ilijulikana, na mwaka 1589 akaitwa kufundisha hesabu palepale Pisa. Tangu 1592 alifundisha Padova, akakaa huko miaka 18.

Mwaka 1609 habari ilifika Italia kwamba mafundi wa Uholanzi wametengeneza bomba lenye vioo viwili, na mtu akilitazamia huona vitu vya mbali kama vimesogea karibu. Ndiyo darubini. Galileo hakungoja kuuziwa. Alisugua vioo kwa mikono yake, akavitia katika bomba, akajaribu tena na tena. Mwezi wa Agosti aliwapandisha wakubwa wa Venezia juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko, nao wakaona merikebu baharini saa mbili kabla ya kuonekana kwa macho matupu. Wakafurahi sana, maana waliwaza vita na biashara. Galileo aliwaza jambo lingine. Alitengeneza darubini bora zaidi, iliyokuza vitu mara 20, akaielekeza juu.

Sasa mjue watu walifundishwa nini wakati ule. Mabingwa waliomfuata Aristotele, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, walisema kwamba vitu vya mbinguni si kama vitu vya dunia. Hapa chini mna matope, mawe, milima na mabonde. Kule juu vyote ni safi na kamili. Kwa hiyo mwezi ni tufe laini, kama yai lisilo na mkwaruzo. Na yale madoa meusi tunayoyaona sote? Walikuwa na maelezo mengi ya kuyaondoa.

Tarehe 30 Novemba 1609, mjini Padova, mwezi ulikuwa mchanga. Galileo aliutazama kwa darubini, akarudi kuutazama mpaka katikati ya Desemba. Haikuwa kazi rahisi. Bomba lilikuwa jembamba hata hakuweza kuuona mwezi mzima kwa mara moja. Alilisogeza kidogo kidogo, na kila sehemu akaishika kichwani. Akaona hivi: mpaka kati ya upande wenye mwanga na upande wenye giza haukuwa mstari ulionyoka. Ulikuwa na meno meno kama msumeno. Ndani ya giza, mbali na mpaka huo, vilikuwamo vidoa vyeupe peke yao, navyo viliongezeka saa kwa saa mpaka vikaungana na mwanga. Tena aliona mashimo mengi ya mviringo. Kila shimo lilikuwa na weusi upande ulioelekea jua, na weupe upande wa pili.

Mtoto anayekaa karibu na milima, kama ile ya Virunga au ya Ruwenzori, amekwisha kuona jambo hili bila darubini. Asubuhi, bonde likiwa gizani bado, kilele cha mlima kinang'aa tayari, kwa sababu jua linakifikia kwanza. Kisha mwanga unashuka ubavuni polepole mpaka unafika chini. Galileo alielewa kwamba vidoa vyeupe ndani ya giza ni vilele vya milima inayoamka, na weusi ndani ya mashimo ni vivuli. Akapima umbali kati ya vidoa hivyo na mpaka wa mwanga, akapiga hesabu, akapata kwamba milima mingine ya mwezi yapita maili 4 za Italia kwa urefu.

Lakini kwa nini yeye aliona milima? Huko Uingereza bwana mmoja, Thomas Harriot, naye bingwa wa hesabu, alikuwa ameutazama mwezi kwa darubini miezi michache kabla yake, mwaka uleule. Naye alichora. Mchoro wake una mstari wenye meno na madoa kadha, basi, milima haimo. Darubini yake ilikuwa na nguvu ndogo, ni kweli. Lakini hakuwa amefundishwa kusoma vivuli pia. Alipokwisha kukisoma kitabu cha Galileo, alichora tena, na safari hii mashimo yakaonekana. Kumbe macho yanahitaji kufundishwa, kama mkono unavyofundishwa kuandika.

Tuangalie basi jinsi Galileo alivyofanya kazi yake. Hakutumia rangi nyingi. Alikuwa na wino wa kahawia, maji, burashi na karatasi nyeupe tu. Penye mwanga mwingi hakupaka kitu: weupe wa karatasi ulikuwa mwanga wake. Penye mwanga kidogo alipaka wino uliotiwa maji mengi. Penye kivuli alirudia kupaka, tabaka juu ya tabaka, na mwishoni akagusa weusi mzito kwa ncha ya burashi. Mahali pengine alitia giza katika anga nyuma ya mwezi, ili ukingo wa mwezi ung'ae. Upande wa usiku wa mwezi haukuwa mweusi kabisa. Aliona kwamba una nuru hafifu, akaeleza sababu yake: dunia yetu inapokea mwanga wa jua na kuurudisha kwa mwezi.

Ninyi pia mnaweza kujaribu. Tafuteni karatasi nyeupe iliyo nzito, burashi, na wino; wino ukikosa, masizi ya chungu yaliyosagwa katika maji yenye gundi kidogo yanafaa. Wekeni vikombe vitatu: katika cha kwanza maji mengi na tone la wino, katika cha pili wino zaidi, katika cha tatu wino mzito. Pigeni mstari mwepesi wa mwezi kwa ukingo wa bilauri. Nyota zichoreni sasa kwa ncha ya mshumaa, maana maji hayashiki penye nta (shauri hili si la Galileo, ni la shule yetu). Kisha inamisheni karatasi kidogo, mpake anga yote kwa wino mwepesi, mkizunguka mwezi bila kuuingia. Halafu ngojeni. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoharibu. Hawana saburi, wanarudi na wino mzito wakati karatasi ingali na maji, na giza linakimbilia ndani ya mwezi kama maji ya mvua ndani ya nyumba. Karatasi ikikauka, pakeni mara ya pili, na mara ya tatu, mkizidisha giza upande wa juu. Mwisho tieni vivuli vya mwezi wenyewe. Tena msichague usiku wa mwezi mpevu. Wakati huo jua linaupiga mwezi usoni, vivuli havipo, na mashimo hayaonekani vizuri. Utazameni ukiwa nusu.

Tarehe 13 Machi 1610 kitabu cha Galileo kilitolewa Venezia, nakala 550. Michoro ya mwezi ilichorwa upya juu ya shaba ili ipigwe chapa. Shimo moja lililo katika mpaka wa mwanga amelichora kubwa kupita lilivyo. Nadhani alitaka kila msomaji alione vizuri. Kitabu kilikuwa na mengine pia. Katika Kilimia, ambacho watu walihesabu nyota 6 tu, Galileo aliona nyingine zaidi ya 40. Na karibu na nyota kubwa Mushtari, aliyoanza kuichungulia tarehe 7 Januari, alivumbua nyota ndogo 4 zinazoizunguka. Mwaka huohuo Mtemi wa Firenze akamwita kuwa bingwa wake wa hesabu.

Wengine walikasirika. Mapadri Wayezuiti wa Roma walitazama kwa darubini zao, na mwaka 1611 wakashuhudia kwamba mengi aliyoyasema ni kweli. Mkubwa wao katika hesabu, Padri Clavius, alikuwa mzee mwenye sifa, naye hakukubali milima ya mwezi. Aliwaza kwamba pengine mwezi ni mzito mahali fulani na mwepesi mahali pengine. Cigoli alimwandikia Galileo kwamba hawezi kumtetea mzee yule, ila kwa kusema kwamba mtu wa hesabu asiyejua kuchora ni nusu ya mtu wa hesabu, tena hana macho. Maneno makali! Lakini wachoraji wanapenda kuyakumbuka.

Cigoli mwenyewe alikuwa Roma wakati huo, akipaka rangi katika kuba ya kikanisa cha Baba Mtakatifu Paulo V, ndani ya kanisa kubwa la Santa Maria Maggiore. Papa Fransisko, aliyefika Kinshasa mwaka 2023, alizikwa mwaka 2025 katika kanisa hilohilo, karibu na kikanisa hicho. Cigoli alipaswa kumchora Mama Bikira Maria akiwa na mwezi chini ya miguu yake. Wachoraji walizoea kuuchora mwezi huo laini na safi. Cigoli aliumaliza mwaka 1612, akautia mashimo na vivuli kama vya rafiki yake. Hakuna aliyemwamuru afute.

Baadaye mambo yalikuwa magumu. Galileo alifundisha kwamba dunia inazunguka jua, kama Kanoniko Copernicus alivyoandika kabla yake. Mwaka 1616 wakubwa wa Eklezya walikataza mafundisho hayo. Mwaka 1632 Galileo alitoa kitabu kingine juu yake. Alikuwa na ulimi mkali, akawacheka wapinzani wake, na hoja yake moja, ile ya maji ya bahari kupanda na kushuka, haikuwa sawa. Lakini juu ya dunia na jua alisema kweli, na waliomhukumu walikosa. Tarehe 22 Juni 1633, huko Roma, mzee huyu wa miaka 69 alipiga magoti akalazimishwa kukana. Toka hapo alikaa kifungo cha nyumbani, na miaka yake ya mwisho aliipitisha Arcetri, karibu na Firenze. Binti yake, Sista Maria Celeste, alikuwa katika monasteri ya jirani, naye ndiye aliyemfariji. Akafa mwaka 1634.

Galileo hakuacha kazi, wala hakuacha dini yake. Mwaka 1638 kitabu chake cha mwisho kilitolewa Uholanzi. Wakati huo alikuwa amekwisha kupofuka macho yote mawili. Alikufa tarehe 8 Januari 1642. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mbele ya watu wote kwamba waamuzi wale walikosea.

Karatasi zake za mwaka 1609 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Firenze. Wino wa kahawia umo bado, mwepesi hapa, mzito pale. Na penye vilele vya milima iliyopigwa na jua pangali karatasi tupu, kama alivyopaacha.