Béla Guttmann: Mzee wa Laana, Mzee wa Kudai Chake

Kila Mei, fainali ya Ulaya inapokaribia, vibanda umiza vya jirani na hosteli zetu hugeuka kumbi za mihadhara. Wapo wanaochambua mifumo, wapo wanaoshika mikeka yao kama vyeti, na hakosi mmoja wa kuleta habari za uchawi. Na ukishagusa uchawi kwenye fainali za Ulaya, jina ni moja tu: Béla Guttmann, yule kocha anayesemwa kwamba aliilaani Benfica ya Ureno. Wengi tunamjua kwa laana hiyo, basi. Safari hii, kabla filimbi haijapulizwa, tumjue mwenyewe.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, Januari 1899, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, naye akapata cheti cha kufundisha dansi akiwa na miaka 16. Lakini miguu ilikuwa imeshachagua mpira. Akatwaa ubingwa wa Hungaria akiwa na MTK, kisha akahamia Vienna kuchezea Hakoah, klabu ya Wayahudi, na mwaka 1925 wakawa mabingwa wa Austria.

Tabia yake ilionekana mapema. Mwaka 1924 Hungaria ilikwenda Olimpiki ya Paris ikiwa na viongozi kibao, huku wachezaji wakilazwa kwenye hoteli yenye kelele na panya. Inasimuliwa kwamba Guttmann aliwakusanya panya waliokufa akawaning'iniza kwenye milango ya vyumba vya viongozi. Hungaria ilifungwa 3-0 na Misri, na yeye hakuitwa tena timu ya taifa. Ndivyo alivyokuwa: ukimdharau, hanyamazi, na gharama yake yuko tayari kuilipa.

Akaenda Marekani, akacheza New York, akapata pesa, na mwaka 1929 soko la hisa lilipoporomoka pesa ikayeyuka. Akarudi Ulaya kuanza upya, sasa kama kocha. Mwaka 1938 Wanazi wakaitwaa Austria na Hakoah ikafutwa. Akarudi kwao Budapest, na mwaka uliofuata akaipa Újpest ubingwa.

Halafu vita. Hapa ndipo hadithi ya laana inapotuficha mtu. Mwaka 1944 Wajerumani waliingia Hungaria, na Wayahudi kwa maelfu wakapakiwa kwenye treni kupelekwa Auschwitz. Guttmann alijificha darini, baadaye akaishia kwenye kambi ya kazi za shuruti. Mwishoni mwa mwaka huo, akijua safari inayofuata ni ya kifo, aliruka dirishani akatoroka. Mmoja wa waliotoroka naye alikuwa Ernő Erbstein, ambaye baadaye aliijenga Torino kubwa ya Italia na kufa nayo katika ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Baba yake Guttmann na dada yake hawakupona. Waliuawa.

Mtu aliyepita huko hawezi kutishwa na mwenyekiti wa klabu. Baada ya vita alifundisha Romania, na malipo yake yalikuwa chakula, maana pesa ilikuwa haina thamani. Milan walimtimua mwaka 1955 timu ikiwa kileleni mwa ligi. Toka hapo, inasemekana, kila mkataba aliutaka uwe na kipengele kwamba hafukuzwi akiwa anaongoza. Akaenda Brazil, akaipa São Paulo ubingwa wa jimbo mwaka 1957. Akatua Ureno, akaipa Porto ubingwa mwaka 1959, kisha akavuka kwenda kwa mahasimu wao, Benfica.

Lisbon ina Benfica na Sporting, na asiyeelewa uhasama wao awafikirie Simba na Yanga. Siku moja, wanasimulia, Guttmann akiwa kinyozi alisikia kutoka kwa Mbrazili waliyefahamiana habari za kijana mmoja hatari huko Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Kijana alikuwa anachezea tawi la Sporting. Benfica wakamuwahi, Desemba 1960, na mvutano wa usajili ukachukua miezi. Kijana huyo ni Eusébio.

Fainali ya 1961 kule Bern, Eusébio hakucheza. Benfica waliifunga Barcelona 3-2, bao la tatu likiwekwa na Mário Coluna, naye mtoto wa Msumbiji. Mwaka uliofuata, Amsterdam, walikutana na Real Madrid waliokuwa na makombe matano tayari. Puskás alifunga mabao matatu kabla ya mapumziko, Madrid wakaenda vyumbani wakiongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha, Eusébio akaongeza mawili. 5-3. Makombe mawili mfululizo.

Baada ya hapo Guttmann aliingia ofisini kuomba aongezwe malipo. Uongozi ukakataa. Akafungasha. Inasemwa kwamba akiondoka alitamka kuwa Benfica haitakuwa bingwa wa Ulaya kwa miaka 100.

Tangu hapo Benfica imepoteza fainali nane za Ulaya: 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014. Ile ya 1990 ilichezwa Vienna, mji alikozikwa Guttmann, na wanasema Eusébio alikwenda kaburini kumwomba mzee aachie. Wakafungwa 1-0 na Milan.

Inasisimua, sikatai. Lakini ziangalie fainali zenyewe. Mwaka 1963 Coluna aliumizwa, na wakati ule hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Mwaka 1965 walicheza na Inter kwenye uwanja wa Inter wenyewe, kipa akapitwa na mpira miguuni, kisha akaumia na beki akaenda kudaka. Mwaka 1968 Eusébio alibaki na kipa wa Manchester United matokeo yakiwa 1-1, kipa akadaka. Mbili nyingine zilikwenda penati. Hiyo ni soka.

Kuna jingine ambalo wasimulizi wa laana hulirukia: Guttmann alirudi Benfica msimu wa 1965/66. Kama ni laana, mbona aliirudia mwenyewe? Na hakufua dafu. Machi 1966 Manchester United waliwapiga 5-1 palepale Lisbon. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama maneno yale aliyasema kabisa.

Alifariki Vienna mwaka 1981. Mwaka 2014 Benfica wakamsimamishia sanamu uwanjani kwao, mikononi ana makombe yake mawili.

Mimi naona laana imedumu kwa sababu inawafaa wengi. Ukisema mzee alituloga, huhitaji kusema viongozi walimnyima nyongeza kocha aliyewaletea makombe mawili makubwa kuliko yote, wakamwacha aende. Sisi tutakaotoka hapa kwenda kuzungusha bahasha mjini tutakutana na meza kama ile: kazi umeifanya, wote wameiona, na ukitaja malipo unaambiwa una tamaa. Guttmann aliomba chake, akanyimwa, akaondoka kichwa juu. Waliobaki ndio waliohitaji hadithi.

Kwa hiyo fainali ikianza, na yule jamaa wa uchawi akilianzisha, mwache amalize. Halafu muulize swali moja: wangemlipa, ingekuwaje?