Bibi Zainab wa Uskoti na hija ya mwaka 1933



Wahariri wetu walipotangaza kwamba toleo hili litawahusu wanawake waliothubutu kusafiri mbali, wenzangu wengi darasani walikimbilia marubani. Mimi ndege sizijui, na hata basi la usiku linanitia kichefuchefu. Nimemchagua bibi mmoja wa Uskoti aliyepanda meli kwenda Hijaz akiwa na miaka 65. Sababu ya kumchagua naanza nayo, kwa kuwa bila ya hiyo nisingemjua kabisa.

Mama yangu alizaliwa katika familia ya Kikatoliki, upande wa Gitega. Alisilimu kabla sijazaliwa, akaja kuishi Buyenzi, na tangu nipate akili sijamwona akiacha swala wala akila mchana wa Ramadhani pasipo udhuru. Miaka miwili iliyopita alikuwa amekusanya fedha za hija, kidogo kidogo, kwa kuuza vitenge na sambusa. Alipokwenda kuandikisha jina kwenye ofisi moja ya safari, kijana wa mezani alitazama jina la babu yangu kwenye kitambulisho, akamwomba cheti cha kusilimu. Mama hakuwa nacho. Sheikh aliyemtamkisha shahada alikwisha fariki, na zama zile hakuna aliyewaza karatasi. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka hadi magharibi bila kusema neno. Imamu wa mtaa alikuja kumwandikia cheti baadaye, lakini nafasi zilikuwa zimekwisha, na mwaka uliofuata bei ikapanda.

Nilikuwa na hasira. Nilianza kutafuta habari za watu waliosilimu na kuhiji zamani, nikitaka kujua wao waliaminiwa kwa kitu gani. Ndipo nikakutana na Bibi Zainab.

Jina alilozaliwa nalo ni Evelyn Murray, na alizaliwa Edinburgh mwaka 1867. Baba yake alikuwa Earl wa 7 wa Dunmore, yaani mtu wa daraja ya juu katika ukabaila wa Uingereza, mwenye ardhi na cheo, lakini pia mtu asiyetulia nyumbani. Alisafiri mpaka milima ya Pamir katika Asia ya Kati akaandika kitabu juu yake. Majira ya baridi familia ilihamia Afrika Kaskazini, mara Algiers, mara Cairo. Katika jumba lao la kilimani Algiers, binti huyu mdogo alijifunza Kiarabu kutoka kwa watumishi na watoto wa jirani. Alipopata mwanya alimtoroka yaya wake, akaenda na rafiki zake wa Kialjeria kuitazama misikiti.

Hapa pana jambo ambalo limenishughulisha sana kama mwanafunzi wa dini. Alipoulizwa ukubwani alisilimu lini, alijibu kwamba hakuweza kutaja siku wala saa. Alijiona amekuwa Mwislamu tangu zamani. Hakuna sherehe iliyoandikwa, hakuna sheikh anayetajwa, hakuna mashahidi wawili. Alieleza kwamba mwenyewe aligundua neno limemtoka mdomoni siku moja huko Roma, alipopelekwa kuonana na Papa. Papa alimwuliza kama yeye ni Mkatoliki. Akajikuta amejibu kuwa yeye ni Mwislamu. Alishangaa mwenyewe, kwani kwa miaka mingi hakuwa amelifikiria jambo hilo, na baada ya hapo ndipo akaanza kusoma dini kwa bidii.

Nilipoeleza haya katika darsa yetu ya akina dada, mmoja aliniuliza kwa ukali kidogo: sasa huyo tumhesabu Mwislamu kuanzia lini? Ni swali la haki. Mwaka 1891 aliolewa kanisani, huko huko Cairo, na John Dupuis Cobbold, kijana tajiri wa Suffolk. Na utajiri wa ukoo huo, astaghfirullah, ulitokana na kiwanda cha bia. Mtoto aliyekuwa akitoroka kwenda msikitini akawa bibi wa nyumba kubwa ya Ipswich iliyolipiwa na mapipa ya pombe. Akazaa watoto watatu, wote wakalelewa kama watoto wa kiungwana wa Kiingereza. Sitaki kuipamba sehemu hii ya maisha yake. Ukiipima kwa vitabu tunavyosoma hapa chuoni, ina maswali ambayo mimi wa mwaka wa tatu siyawezi. Mwalimu wangu alinituliza kwa kunikumbusha kwamba sira ya mtu si fatwa, na kwamba hesabu yake iko kwa Mola wake.

Ninachokiona ni kwamba mapenzi yake kwa nchi za Kiarabu hayakuzimika. Mwaka 1911 alisafiri katika jangwa la Libya, upande wa Misri, pamoja na rafiki yake mwanamke, wakiwa juu ya ngamia na kulala katika mahema, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kidogo cha safari hiyo. Marafiki zake Waarabu walimwandikia barua wakimwita Zainab. Huku Uingereza aliishi maisha yake mengine: alikuwa hodari wa kuwinda kulungu milimani na kuvua samoni mitoni, kazi ambazo zama zile zilihesabiwa za wanaume. Mwaka 1922 yeye na mumewe walitengana, naye akapata shamba kubwa la Glencarron, katika milima ya Uskoti. Mumewe akafariki mwaka 1929.

Baada ya hapo ndipo ikaja azma ya hija.

Fikiria zama zenyewe. Ufalme wa Saudia ulikuwa umetangazwa Septemba 1932, haujatimiza hata mwaka. Mafuta hayajachimbwa, miezi ile ile aliyofika yeye, Wamarekani walikuwa Jeddah wakijadiliana na serikali juu ya kibali cha kuyatafuta, na mkataba ulitiwa saini Mei 1933. Hazina ya mfalme ilitegemea mahujaji, na mahujaji wenyewe walikuwa wamepungua sana kwa sababu ya msukosuko wa uchumi wa dunia. Mwaka ule waliotoka nje hawakuzidi sana 20,000. Sisi tuliozoea picha za mamilioni kwenye runinga hatuwezi kuipata picha ya Makka ile.

Bibi Zainab hakwenda kwa kujificha. Wazungu kadhaa kabla yake walikuwa wameingia Makka kwa kuvaa nguo za kujibadilisha na majina ya uongo, kisha wakarudi kujisifu vitabuni. Yeye alimwendea Sheikh Hafiz Wahba, mjumbe wa Saudia mjini London, akasema anachotaka. Sheikh akamwandikia Mfalme Abdulaziz. Bila kungoja jibu, bibi akafunga mizigo. Alivuka Mediterania hadi Port Said, kisha akashuka na Bahari ya Sham hadi Jeddah.

Jeddah alipokelewa nyumbani kwa Mwingereza Harry St John Philby, aliyekuwa amesilimu mwaka 1930 na kuwa karibu na mfalme, pamoja na mkewe Dora. Na hapo akakaa. Akasubiri. Makka iko umbali wa safari fupi tu, kama kilomita 80, lakini bila idhini ya mfalme hakuna kupita. Nimeifikiria sana subira hiyo. Ni mwanamke wa miaka 65, ambaye maisha yake yote milango ilifunguliwa akikaribia, sasa ameketi kwenye baraza la watu akingoja wengine waamue kama yeye ni Mwislamu. Amiri Faisal, aliyekuwa naibu wa baba yake katika Hijaz na ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme, alimtembelea akiwa hapo. Hatimaye idhini ikaja.

Wengine watauliza juu ya maharimu. Mjane huyu hakuwa naye, wala mwanawe hakuwa Mwislamu. Ndugu zetu wa Kihanafi na Kihanbali wanashurutisha maharimu, na nchi aliyoingia ilikuwa ya Kihanbali. Sisi Mashafi tunasoma kwamba kwa hija ya faradhi mwanamke anaweza kutoka pamoja na wanawake waaminifu. Ninaitaja hoja hii kwa kuwa najua itanifuata bwenini, na sikusudii kuimaliza hapa.

Kwanza alikwenda Madina, kiasi cha kilomita 400, kwa gari la kukodi. Barabara ya lami haikuwapo. Ilikuwa mchanga na mawe, na mara kwa mara gari liliwapita mahujaji waliokuwa juu ya ngamia au wakitembea kwa miguu. Wengine miongoni mwa waliotembea walikuwa watu wa Afrika Magharibi, na hapo ndipo ninapomwonea bibi huyu kijicho cha haki. Wanawake wa kule walivuka Sudani nzima kwa miguu, wakilima na kuuza vitu njiani, wakizaa njiani, safari ya miaka. Majina yao hatunayo. Yeye tunalo jina lake kwa kuwa alikuwa na cheo, mjumbe wa kumwandikia barua, na gari. Hilo halipunguzi thawabu yake, lakini tusilisahau tunapohesabu mashujaa.

Baada ya ziara ya Madina alirudi Jeddah, akavaa ihramu, akaingia Makka. Alitufu mara saba akiongozwa na mutawwif, akasai baina ya Safa na Marwa, na mwanzoni mwa Aprili 1933, mwaka 1351 Hijria, akasimama Arafa katika joto ambalo mtu wa milima ya baridi hakulizoea. Kisha Muzdalifa na Mina. Inahesabiwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uingereza ambaye hija yake imeandikwa.

Aliporudi, magazeti ya London yalikuwa yamekwisha mzungumza vya kutosha. Mwaka 1934 akatoa kitabu chake cha safari ya Makka, kilichoandikwa kama kumbukumbu za kila siku. Ninachokipenda katika kitabu hicho kuliko habari za waamiri ni vyumba vya ndani. Wanaume waliotangulia kuandika juu ya Hijaz waliishia barazani. Yeye aliingizwa upande wa wanawake, akakaa nao, akaulizwa habari zake naye akauliza zao, na akawaandika kama watu wenye akili na mzaha, si kama vivuli nyuma ya pazia. Kwa msomaji wa Kiingereza wa mwaka 1934 hilo lilikuwa jambo geni. Mwaka 1935 akatoa kitabu kingine, safari hii juu ya Kenya, kwa hiyo hata huku kwetu Afrika Mashariki alifika.

Miaka iliyobaki aliishi zaidi Uskoti. Juni 1944, mwanawe Ivan aliuawa London pale bomu la kuruka la Wajerumani lilipoangukia kanisa la wanajeshi wakiwa ibadani. Mama huyu aliishi karibu miaka 19 baada ya kumzika mwanawe wa pekee wa kiume.

Alifariki Januari 1963, akiwa na miaka 95. Alikuwa ameacha wasia, na wasia wenyewe ndio ulionifanya niweke kalamu chini kwa muda nilipokuwa nikiandika makala haya. Alitaka kuzikwa kilimani, katika ardhi yake ya Glencarron, kwa taratibu za Kiislamu, akielekezwa Kibla. Ulikuwa msimu wa baridi kali ambao Waingereza bado wanausimulia. Katika eneo lile hapakuwa na msikiti wala sheikh, basi akaitwa imamu kutoka Msikiti wa Woking, karibu na London, akasafiri kuelekea kaskazini katika theluji, akamswalia. Msikiti huo ulijengwa mwaka 1889 kwa msaada wa Shah Jahan, Begum wa Bhopal kule India, ambaye mama yake, Sikandar, naye aliwahi kupanda meli kwenda kuhiji mwaka 1864. Watu wa shamba walipanda kilima na jeneza, na mpiga zumari wa Kiskoti akapiga wimbo wa maombolezo wa kwao. Juu ya jiwe la kaburi imechongwa aya ya 35 ya Suratun Nur.

Nilimsimulia mama yote haya kwa simu, usiku mmoja kabla ya mitihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja: je, huyo bibi naye walimdai cheti? Nikamwambia hapana, lakini walimdai idhini ya mfalme, na akakaa Jeddah akiingojea. Mama akacheka kwa mara ya kwanza katika mazungumzo hayo. Akaniagiza niulize mwaka huu majina wanaanza kuandika mwezi gani.