Ngazi Aliyoipanda Tom Mboya

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini, huzuka swali lile lile: je, ni halali kwa chama cha wafanyakazi kujitoma katika ulingo wa siasa na kumpigia debe mwaniaji huyu au yule? Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya chama hicho ni mishahara, likizo na malipo ya uzeeni, na kwamba siasa yafaa waachiwe wanasiasa. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mshahara wenyewe ni siasa. Lugha yetu haitusaidii kuwatenganisha, kwani Kiswahili huita chama kile cha makuli wa bandarini na kile cha wagombea viti vya Bunge. Iwapo twataka kulijibu swali hili kwa ushahidi badala ya jazba, sidhani yapo maisha yafaayo kuchunguzwa kuliko ya marehemu Thomas Joseph Mboya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la walowezi alikoajiriwa babake. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini mtoto alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, na lugha zao akazijua. Hilo lilikuja kumfaa sana. Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki hadi Mang'u, kisha akajiunga na chuo cha mafunzo ya wakaguzi wa afya jijini Nairobi. Mnamo 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji kama bwana afya. Huko ndiko alikouonja ubaguzi wa rangi kazini: Mwafrika na Mzungu walifanya kazi moja, lakini mishahara yao haikukaribiana.

Wakati huo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha kupigwa dharuba. Makhan Singh, aliyeshirikiana na Fred Kubai kuunda shirikisho la Afrika Mashariki mnamo 1949, alikamatwa Mei 1950 na hakuachiliwa hadi 1961. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Kubai naye alitiwa mbaroni pamoja na Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata chama cha KAU kilipigwa marufuku. Waafrika wakabaki bila chama cha siasa, na ndipo kijana Mboya, aliyekuwa amekiimarisha chama cha watumishi wa serikali za mitaa, alipochaguliwa mnamo 1953 kuwa katibu mkuu wa shirikisho lililokuja kujulikana kama KFL.

Hapa ndipo jibu la kwanza la swali letu linapojitokeza. Mkoloni alikuwa ameziba milango yote ya siasa, akasahau dirisha moja. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa kuwako kwa sheria za Uingereza zenyewe, na kuvifuta kabisa kungeleta aibu huko London. Mboya alilitumia dirisha hilo. Jeshi lilipoizingira Nairobi Aprili 1954 na kuwasomba maelfu ya watu kuwapeleka kizuizini, KFL ilikuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizosalia kulalamika. Mwezi Machi 1955 makuli wa Mombasa walipogoma, Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, alishuka pwani, akawashawishi warudi kazini na kuipeleka kesi yao mbele ya mpatanishi. Nyongeza waliyoipata ilikuwa kubwa, na jina la Mboya likaenea nchi nzima.

Serikali haikufurahi. Mwaka 1956 ilitishia kuifutia KFL usajili kwa hoja kwamba imevuka mpaka wa kazi yake na kuingia siasa, na ikabidi kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi la Uingereza aje Nairobi kusuluhisha. Lakini hebu tujiulize: mfanyakazi aliyenyimwa kura, aliyefungiwa mtaa wa kuishi na aliyelazimishwa kubeba kipande angetenganishaje mshahara na siasa? Mpaka ule ulichorwa na mwajiri, kwa manufaa ya mwajiri.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Kura yenyewe ilikuwa ya wachache, kwani ilitegemea elimu, mali na utumishi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali. Mboya aligombea Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek, mtu mwenye elimu ya juu na sifa ya kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Mboya alishinda kwa kura mia kadhaa. Hakuwa na shahada wala fedha nyingi. Alikuwa na mtandao: makatibu wa matawi, wakusanya ada, watu waliozoea kuitisha mikutano na kuweka kumbukumbu. Baadaye aliugeuza mtandao huo kuwa msingi wa chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, na KANU ilipoundwa mnamo 1960 akawa katibu mkuu wake. Katika uchaguzi wa 1961 alishinda kwa kishindo kiti cha Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wa kabila lake walikuwa wachache. Yamkini hii ndiyo zawadi kubwa zaidi ambayo vyama vya wafanyakazi viliipa siasa ya Kenya: mtu kuchaguliwa na tabaka lake badala ya ukoo wake.

Lau kisa kingeishia hapo, makala haya yangekuwa sifa tupu. Lakini ngazi ina pande mbili: hupandwa, na aliyefika juu aweza kuivuta. Mnamo 1962 Mboya aliingia katika serikali ya mseto akiwa Waziri wa Leba. Migomo ilikuwa mingi, na uhuru ulikuwa mlangoni. Oktoba mwaka huo aliwaleta waajiri na KFL katika meza moja, wakatia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwanda. Waajiri walikubali kuvitambua vyama. Vyama navyo vilikubali kufuata hatua za upatanishi kabla ya kugoma. Ulikuwa mkataba wa busara, na kwa miaka mingi ulisifiwa. Hata hivyo, mgomo uliokuwa silaha mikononi mwa Mboya aliyekuwa katibu ukaanza kutiwa alani na Mboya aliyekuwa waziri. Sheria zilizofuata baada ya uhuru zilizidi kuubana.

Kisha kukaja mpasuko. Mboya na KFL walipata msaada kutoka vyama vya wafanyakazi vya Marekani, vilivyochangia hata ujenzi wa makao yake jijini Nairobi. Mahasimu wake, waliokuwa upande wa Jaramogi Oginga Odinga, walipata marafiki wao mashariki. Ugomvi wa vigogo ukawa ugomvi wa wafanyakazi, na shirikisho la pili likazuka. Mwaka 1965 pande hizo mbili zilipambana Mombasa, damu ikamwagika. Serikali ambayo Mboya alikuwa nguzo yake iliyafuta mashirikisho yote mawili na kuunda moja, COTU, ambalo katibu mkuu wake aliidhinishwa na Rais kutoka orodha ya majina matatu. Mwaka uliofuata, Odinga alipounda KPU, baadhi ya viongozi wa wafanyakazi waliomfuata walitiwa kizuizini bila kesi. Nyasi ziliumia, kama ilivyo ada fahali wawili wapiganapo.

Mboya mwenyewe hakuyaona matunda yote ya mpango huo. Tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi mchana katika barabara iitwayo leo Moi Avenue. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Alizikwa Rusinga. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa. Waliomtuma, kama walikuwako, hawakufikishwa mahakamani.

Nayaeleza haya si kwa nia ya kumhukumu marehemu. Alifanya kwa muda mfupi mambo ambayo wengi hawayafanyi kwa umri mrefu. Nayaeleza kwa sababu watu wameiga sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya kupanda. Mwaka 2017 katibu mkuu wa chama cha walimu, KNUT, aliteuliwa kuwa mbunge wa chama cha siasa huku akiendelea kushika wadhifa wake, na mzozo uliofuata na mwajiri wa walimu uligharimu chama hicho wanachama wengi na ada zao. Katika uchaguzi wa 2022 katibu mkuu wa COTU alimfanyia kampeni hadharani Raila Odinga, kana kwamba wafanyakazi wote wa Kenya walikuwa wa mrengo mmoja. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Tofauti na enzi za Mboya ni kubwa. Leo vyama vya siasa viko tele, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inamlinda mfanyakazi anayejiunga na chama na anayegoma. Dirisha si njia pekee tena. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kina haki ya kusema wakati wa uchaguzi, bali kiseme kuhusu mambo: ajira ya kandarasi, bima ya afya, usalama viwandani, utekelezaji wa makubaliano ya mishahara. Kikitaka kumuunga mkono mtu, na kipige kura ya wanachama kwanza, matawi yote. Naye kiongozi anayetaka kiti cha Bunge ajiuzulu kabla ya kuchukua fomu ya uteuzi, asije akalipia mabango yake kwa ada ya yaya na mlinzi wa usiku.